Moto au Chaji

Nimevuta bangi mara moja maishani, nyuma ya hosteli, nikiwa mwaka wa kwanza, na nikatapika karibu kabisa na viatu vya rafiki yangu. Huo ndio ujuzi wote niliokuwa nao Agosti 2023 nilipopewa kazi ya kuwashauri Wamarekani: ukiwa na pesa kidogo, ununue vepaiza ya betri au ya gesi?

Maneno elfu mbili. Shilingi moja na nusu kwa neno. Makataa Jumamosi saa mbili asubuhi.

Ngoja nieleze hii kazi kwanza, kwa wale ambao hawajawahi kula kwa jasho la jina la mtu mwingine. Niliacha chuo mwaka wa tatu. Si hadithi ndefu. Deni la karo lilizuia mtihani, mtihani ukazuia mwaka, na mimi nikachoka kueleza. Jamaa mmoja tuliyesoma naye alikuwa na akaunti ya kuandikia watu mtandaoni, akaanza kunipa kazi zilizomzidi. Tulimwita bosi ingawa tulilingana umri. Mwanzoni niliandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao, na ndiyo, nilijua ni kichekesho: mimi niliyeshindwa kumaliza digrii moja nilikuwa nasaidia watu wanne kwa wiki kumaliza zao. Baadaye nikahamia tovuti za kupima bidhaa. Chakula cha mbwa. Magodoro. Mashine za kukata nyasi, na mimi naishi bedsita ya ghorofa ya nne Zimmerman, nyasi pekee niliyonayo ni ya ufagio.

Kila makala ilikuwa na "mimi" wake. Mimi wa magodoro alikuwa na mgongo mbaya na mke mwenye usingizi mwepesi. Mimi wa nyasi alikuwa Texas. Mimi wa vepaiza, kwa maelekezo ya mteja, alikuwa mwanamume wa Denver aliyetumia vifaa hivi kwa miezi sita. Hiyo ya miezi sita ilikuwa lazima itokee katika aya ya pili.

Denver ni Colorado, na Colorado bangi inauzwa dukani, kwa risiti, tangu Januari 2014. Kwetu sheria inayotawala ni ya 1994, na ilipoandikwa, kupatikana na bangi ya kuvuta wewe mwenyewe kulikuwa kunakungojea na miaka kumi ndani. Nayajua haya kwa sababu ya binamu yangu. Machi mwaka huohuo alishikwa na misokoto miwili ndani ya soksi. Alilala ndani siku tatu, akakubali kosa, akapigwa faini, na familia ikachanga. Mchango wangu ulitoka kwa chakula cha mbwa.

Kwa hiyo yeye ndiye mtu wa kwanza niliyempigia kwa ushauri wa kitaalamu. Nilimweleza vifaa, nikamtumia picha, nikamuuliza, bro, wewe ungechukua gani? Alicheka mpaka akakohoa.

"Sasa polisi akinipata na hiyo chuma ya elfu kumi na mbili, si atasema mimi ndiye naingiza kontena?"

Akakata simu. Nikabaki na intaneti.

Vepaiza ya majani makavu, kwa asiyeijua, si ile kalamu ya maji yenye ladha ya embe ambayo watu wanapuliza Westlands. Hii haina maji. Unaweka majani yenyewe, na kifaa kinayapasha bila kuyachoma. Majani yakishika moto unapata moshi, na moshi una lami na kaboni monoksidi ndani yake, haijalishi umechoma nini. Lakini ukiyapasha kati ya nyuzi 160 na 220 hivi, hayaungui. Mafuta yake yanapanda kama mvuke, na majani yanabaki pale, yamegeuka rangi ya kahawia kama majani ya chai yaliyosahauliwa juani. Kazi yote ya kifaa ni kukaa hapo katikati. Chini yake hupati kitu. Juu yake umerudi kwenye msokoto, ila msokoto wa bei ghali.

Ya betri ni jiko dogo la stima unalobeba mfukoni. Unabonyeza, unachagua nyuzi kwenye skrini, unangoja kama nusu dakika hadi dakika nzima, inatetemeka mkononi kukuambia iko tayari. Mtu yeyote anaweza. Ubaya wake ni ubaya wa simu yako: betri inazeeka. Baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa haishiki tena kama zamani, na kama betri imefungiwa ndani, siku inapokufa kifaa kizima kinakuwa uzito wa kuzuia karatasi zisipeperushwe.

Hapo nilikuwa na jambo la kusema ambalo sikulitoa mtandaoni. Laptopu yangu ya kwanza, ile nyeusi nzito, betri yake ilikufa nikampelekea fundi pale Luthuli Avenue. Aliifungua kwa bisibisi mbele yangu, na ndani kulikuwa na vijiti sita vifupi, vinene, kama betri za redio zilizokula vizuri. Akaniambia zinaitwa 18650. Nilidhani ni nambari ya siri ya kiwandani, kumbe ni vipimo tu: upana milimita 18, urefu milimita 65. Betri hizohizo ndizo ziko kwenye tochi kubwa na pawabenki, na ndizo ziko kwenye vepaiza zile ambazo betri yake inatoka. Nikaandika, kwa sauti ya mtu wa Denver: ukienda upande wa betri, na pesa ni kidogo, chukua inayotoka. Ikifa, unanunua betri mpya peke yake, hununui maisha mapya. Na usitoe ile ya laptopu ya zamani ukaipachika humo, betri iliyochoka si kitu cha kuweka karibu na uso.

Ya gesi ndiyo iliyonishika moyo. Kuna kampuni moja ya jimbo la Wisconsin, DynaVap, inayotengeneza kijiti cha chuma kisichozidi kalamu kwa urefu. Hakina waya, hakina skrini, hakina swichi. Unatia majani kidogo sana, kama sehemu ya kumi ya gramu, unafunika kwa kifuniko cha chuma, unakizungusha juu ya kiberiti cha butani, kile cha jeti chenye moto wa samawati unaovuma. Ndani ya kifuniko kuna visahani vya metali mbili zilizobanwa pamoja. Joto likifika kiwango, metali moja inatanuka kuliko mwenzake, kisahani kinapinda ghafla, kinasema tik. Hiyo tik ndiyo skrini yako. Unaondoa moto, unavuta. Ukijifanya hukuisikia ukaendelea kupasha, unachoma.

Nilisoma hapo mara mbili. Hiyo ni pasi! Pasi ya mathee, ile inayosema tik ikipata moto na tik ikipoa, inatumia ujanja huohuo wa metali mbili. Miaka yote nimepigiwa pasi sare za shule na kitu ambacho Wamarekani wanakijadili usiku kucha.

Basi Ijumaa hiyo, tarehe 25, kama saa nne kasorobo usiku, nikiwa nimeandika aya tatu, stima ikapotea.

Nilidhani ni tokeni zangu. Nikatoka kwenye korido na simu, nikakuta majirani wote wametoka na simu zao, kila mtu akidhani ni tokeni zake. Nje, Zimmerman yote ilikuwa nyeusi mpaka Roysambu. Halafu bando ikaleta habari: ni nchi nzima. Hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ulikuwa gizani. Laptopu ilikuwa asilimia 38, na laptopu yangu ikifika 20 huzima bila kuaga.

Niliizima mwenyewe. Nikatoa daftari. Nikawasha meko, mtungi wa kilo sita ambao ulikuwa umejazwa juzi, nikapika strungi na kuacha moto mdogo ukiwaka kwa ajili ya mwanga zaidi ya chai, najua si vizuri. Na hapo, kwa mkono, kwa kalamu, niliandika sehemu iliyobaki, na ilikuwa makala bora niliyowahi kumwandikia mteja yule.

Niliandika kwamba kitu cha kuchaji kinakufanya umtegemee mtu mwingine. Niliandika kwamba bei ya dukani si bei ya kitu. Kifaa cha betri cha dola mia na kitu kinaonekana kimekamilika, lakini umenunua pia tarehe yake ya kufa. Kijiti cha chuma cha dola sabini na kitu kinakudai kiberiti cha jeti, na kopo la butani kila baada ya muda, vihela vidogo vidogo, lakini chuma hakizeeki. Sisi tulionunua mafuta ya kupikia ya shilingi kumi kwa kipimo tunajua hesabu za vihela vidogo vidogo vizuri kuliko mtu yeyote aliyesomea biashara. Tunajua zinavyoumiza, na tunajua pia kwamba siku nyingine ndizo pekee unazoweza. Hilo la mafuta nililigeuza likawa kahawa, kwa ajili ya Denver.

Sikuficha ubaya wa gesi. Niliandika kwamba upepo unaitesa. Kwamba baridi ikikaribia nyuzi sifuri butani inakataa kugeuka gesi, kwa hiyo Januari ya Minnesota, nje, kiberiti chako kitakuangalia tu. Kwamba viberiti vya jeti haviruhusiwi kwenye ndege za kule, si mkononi wala kwenye mzigo. Kwamba wiki ya kwanza utachoma majani mengi kabla mkono haujajifunza.

Mkono. Nililiandika neno hilo na nikalipita.

Mwisho nilihukumu: kwa mwenye pesa kidogo, gesi. Sikuwa na shaka yoyote. Nilikuwa nimekaa gizani mbele ya moto wa samawati unaowaka bila ruhusa ya mtu, mashine ya elfu thelathini imelala kando yangu kama matofali. Ungeniuliza chochote usiku ule ningekujibu gesi.

Asubuhi nilipata kinyozi mwenye jenereta, shilingi hamsini kwa saa. Nilichapa kati ya wateja wawili waliokuwa wakinyolewa dredi na mmoja aliyekuja kuchaji simu nne. Nilituma saa mbili kasoro dakika nne. Kwetu stima ilirudi jioni. Hela zilikuja Jumanne.

Wiki tatu baadaye bosi alinitumia ujumbe uliotoka kwa msomaji. Mteja alikuwa ameupenda, alitaka jibu la maneno hamsini aliongeze chini ya makala. Maneno hamsini, shilingi sabini na tano.

Alikuwa mwanamke wa miaka 71, Michigan. Aliandika kwa adabu sana, kama mtu anayeandikia ofisi. Viungo vinamuuma usiku. Daktari wake amemwambia aache moshi kwa sababu ya mapafu. Anaishi kwa pensheni, ametenga dola mia na hawezi kupita hapo mpaka mwezi ujao. Amesoma makala yangu mara mbili, amefurahi kupata mtu anayezungumza kuhusu pesa bila aibu, na alikuwa karibu kuagiza ile ya gesi. Lakini mikono yake inatetemeka. "Wewe umeitumia miezi sita," aliandika. "Niambie kama nitaiweza."

Sikujibu siku hiyo. Wala ya pili.

Nimewahi kudanganya watu wengi kwa wakati mmoja na sikukosa usingizi. Mtu akinunua godoro baya kwa sababu yangu, kuna godoro na kuna siku mia za kulirudisha. Huyu alikuwa mmoja, alikuwa na mikono, na alikuwa ameniuliza mimi. Si yule wa Denver, maana yule hayupo. Mstari mzima wa watu waliosimama kati yake na kile kijiti, mteja, bosi, mtu wa Denver, uliishia kwangu, na mimi sikuwa nimekishika hata mara moja.

Jumamosi nilienda Kahawa West kwa mathee. Shosho anaishi naye siku hizi. Yeye huniita "mzee wangu" kwa sababu nimerithi jina la babu, na akiwa na furaha hunidai mahari aliyokwisha kulipiwa. Mikono yake hutetemeka tangu mwaka juzi. Kikombe anakibeba kikiwa nusu, na chai anaimalizia mezani.

Nilikuwa nimenunua kiberiti cha gesi dukani, kile cha plastiki, shilingi ishirini, na nilikuwa na msumari wa inchi nne. Kiberiti kile si jeti, moto wake ni wa manjano na wa kivivu, lakini ndani mna butani ileile, na mimi sikuwa napima moto. Nilimwomba ashike msumari mkono mmoja, kiberiti mkono wa pili, azungushe ncha juu ya moto mpaka nihesabu kumi.

"Unataka kunichoma, mzee wangu?"

"Nataka kuona tu, shosho. Kuna mama mmoja mbali ananiuliza kitu."

Kwanza hakuweza kukiwasha. Kile kigurudumu kiliteleza chini ya kidole gumba mara tano, sita. Mara ya saba kikawaka, akacheka, moto ukazima kwa sababu kidole kilikuwa kimelegea. Akaweka viwiko mezani, akajaribu tena. Nikaanza kuhesabu. Kufika nne, moto ulikuwa umepita juu ya msumari, chini yake, kando yake, na mara moja karibu na mkono wa sweta. Kufika sita nilimwambia aache. Hakutaka kuacha. Alikuwa amekaza midomo kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano, na nikatamani nisingekuwa nimeanza.

"Hicho kitu anachotaka ni cha nini?" aliuliza baadaye, akipuliza kidole.

Nikasema ni cha kupasha dawa ya majani. Sikuwa nimedanganya, na mathee aliyekuwa jikoni alinyamaza kwa namna ambayo ilinionyesha amesikia vizuri.

"Na hakuna cha kubonyeza?"

"Kipo. Ni bei."

"Basi angoje apate pesa," alisema shosho. "Si amengoja miaka yote hiyo?"

Nilirudi Zimmerman nikaandika jibu. Lilikuwa maneno mia mbili na kumi. Nilimwambia asinunue ya gesi. Nilimwambia moto wa jeti ni mkali kuliko wa kiberiti cha kawaida, unashikwa karibu na vidole, na kile kifuniko cha chuma kinabaki cha moto baada ya kutumika, na lazima kishikwe ili kujaza tena. Nilimwambia kuna kipashio cha stima ambacho unachomeka kile kijiti ndani yake na hakuna moto kabisa, lakini ukijumlisha bei umefika palepale kwenye ya betri. Achukue ya betri, yenye betri inayotoka, yenye kitufe kimoja kikubwa, na atazame kwenye picha mdomo wa kutilia majani una upana gani, kwa sababu kujaza nako ni kazi ya vidole. Kama dola mia hazitoshi, angoje mwezi. Na mwisho niliandika: sijawahi kutumia hata kimoja kati ya vifaa hivi. Nilichofanya ni kusoma sana, na kumtazama bibi yangu akishika kiberiti.

Bosi alinipigia simu ndani ya nusu saa, jambo ambalo hafanyi kwa sababu ya kredo.

"Wewe umelewa?"

Nikamwambia nimefikiria.

"Usifikirie kwa akaunti yangu." Halafu akapoa, si mtu mbaya. Alinieleza kile nilichokijua: mteja anapata asilimia fulani kwa kila kifaa kinachonunuliwa kupitia makala. Betri au gesi kwake ni sawa, tena ya betri inampa zaidi, kwa hiyo hapo hakuna kesi. Lakini ile sentensi ya mwisho haiwezi. Ile ikitoka, makala zote zinakufa, na chakula cha mbwa, na magodoro, na mimi na yeye.

Tulibishana kidogo. Nilikuwa nadaiwa kodi ya Septemba. Sentensi ikatoka.

Jibu lililobaki liliwekwa, limepunguzwa, limenyooshwa, bado linasema asinunue ya gesi. Mara ya mwisho nilipochungulia lilikuwepo, na juu yake, aya ya pili, mtu wa Denver bado ana miezi yake sita. Yule mama aliandika mstari mmoja wa kushukuru. Hakusema alinunua gani. Mteja mwenyewe aliacha kutupa kazi mwaka uliofuata, siku hizi kompyuta inajiandikia "mimi" wake bila kulipwa kwa neno, na bosi sasa ana duka la simu Githurai.

Binamu yangu nilimsimulia yote tukila smokie pale stejini. Alitaka kujua jambo moja tu, kama kweli kile kijiti kinasema tik. Nikamwambia ndivyo nilivyosoma.

Shosho alibaki na kiberiti. Juzi alimwambia mathee anipigie nikienda nimletee kingine, cha kubonyeza, kile cha kigurudumu kinamuumiza kidole.